Heri ya Mwaka, wenzangu

Assalaam aleikum, nyote mlio Unguja na Pemba, mlio Dar, na mliotupwa na riziki Muscat na London. Heri ya Mwaka! Julai ndiyo hii, mwezi wa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, migomba itakatwa si kwa ajili ya ndizi.

Anayejua anajua. Wa kusini na wa kaskazini wanakutana uwanjani, wanachapana migomba mpaka kila mwenye kinyongo kimtoke. Kigogo cha mgomba hakivunji mtu mfupa, lakini ni kizito kwa maji, na utomvu wake ukishakaukia kwenye shati, ufue utakavyofua, doa halitoki. Babu alikuwa na shati lake la Mwaka, kifua chote rangi ya kutu, na bibi hakuthubutu kulifanya tambara. Wanawake nao hupita na kanga mpya wakiimba, na mwenye la kumwambia mtu humpa humo humo ndani ya wimbo. Halafu kibanda cha makuti kinatiwa moto. Hapo macho yote juu, kuutabiri mwaka: moshi unaelekea wapi?

Askofu Edward Steere, aliyeishi Unguja karne ya 19, aliandika kwamba zamani damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa. Watu walikoga baharini, mioto ya majumbani ikazimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Enzi zake Mwaka uliangukia Agosti. Hesabu ni ya miongo 36, kila mwongo siku 10, na juu yake siku 5. Siku ya 366 haimo, ndiyo maana Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne.

Hatukosi kuambiwa haya ni mambo ya majusi, waabudu moto. Nairuzi, yaani siku hii ya Mwaka, imetoka Uajemi, tena kabla ya Uislamu, sibishani. Mimi hunivuta neno lenyewe, kogwa. Kuoga gani huko kunakoanza kwa kupakana utomvu na kuambiana maneno hadharani? Nadhani wazee walijua kwamba uchafu wa rohoni bahari peke yake haiuwezi.

Kwetu nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina raha. Basi walio karibu njooni mle. Na mwenye neno na mimi aje nalo, tulimalize jua halijachwa. Ila nguo nyeupe muache nyumbani.