Mzabuni wa jeshi alipwe mzigo ukiwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Kila vita vya mbali vikiandikwa gazetini, hazikosi barua za kuuliza kwa nini askari wasiachiwe kupigana tu, chakula, mafuta na sare wakapewa wazabuni binafsi. Ushauri si mbaya. Ila wanaoutoa hubishania bei, ilhali fedha nyingi hupotelea kwenye jambo dogo: mzabuni analipwa mzigo ukiwa wapi, na nani kaukagua.

Sisi wa Tabora hesabu hii tumeirithi. Pagazi aliyebeba kilo 25 za nafaka, akila kilo moja kwa siku, akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20. Mbele zinafika kilo 5. Ukilipa kwa mizigo iliyotoka, daftari la mzabuni litasoma 25 na tumbo la askari litasoma 5, na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana vita vya 1914 hadi 1918, vilivyowaingiza Wabelgiji mjini kwetu tarehe 19 Septemba 1916 na kuiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo (kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), vilimeza wapagazi wengi kiasi kile. Maradhi yaliwaua kuliko risasi. Unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu uliwaharisha damu, na kwenye mizani unga huo haukuwa na kasoro.

Lori limepunguza tatizo la mbebaji kula mzigo, likaleta la njia. Huko Afghanistan, Marekani ilitoa mkataba wa usafirishaji wa dola bilioni 2.16, ikaziachia kampuni za malori zijitafutie ulinzi. Uchunguzi wa Bunge lao mwaka 2010 ulionyesha kampuni zikiwalipa wababe wa kivita ili zipite salama, tena kukiwa na dalili kwamba sehemu ya fedha iliwafikia walewale waliokuwa wakipigwa vita. Ulinzi usipoandikwa ndani ya mkataba, hulipwa gizani.

Aina nyingine ya mkataba wa kuogopa ni ule wa kurudishiwa gharama pamoja na asilimia. Kwa asilimia 8, anayetumia milioni 100 anapata faida ya milioni 8. Akizembea zikafika 150, anapata 12. Nani atabana matumizi hapo? Sheria ya Marekani imekataza asilimia ya namna hiyo tangu enzi za Vita Kuu ya Pili.

Sasa mapokezi, ambako mambo huharibika kimyakimya. Lori la mahindi lipimwe likiwa limejaa, kisha likiwa tupu, kwenye mizani ileile. Bambo, chuma cha kuchotea sampuli ya nafaka, lichomwe wakati wa kushusha, hadi magunia ya katikati na ya chini, kwani mpakiaji mjanja huyaweka mazuri mlangoni. Unyevu kwa kiwango cha Afrika Mashariki usizidi asilimia 13.5. Tani 30 zenye unyevu wa 16 zimebeba karibu kilo 870 za maji ya ziada yaliyolipiwa bei ya mahindi, na zikikaa wiki chache chini ya turubai, kuvu itaanza, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Dizeli ni kesi nyingine, na hapa mzabuni huonewa mara nyingi. Lita 30,000 zilizopakiwa adhuhuri, zikipokelewa alfajiri zikiwa zimepoa kwa nyuzi 10, zitapungua karibu lita 250 bila mtu kugusa sili, ile lakiri ya kufungia tangi. Dereva anaitwa mwizi. Kesho yake, akishajua kwamba upungufu wa 250 ataandikiwa yeye hata asipoiba, ataanza kuzichota kweli. Dawa ni kupima joto pande zote mbili na kusahihisha ujazo kwa kiwango kimoja cha joto cha rejea, kilichotajwa kwenye mkataba.

Risasi ndizo zisizosamehe. Mwaka 2007 AEY, kampuni ndogo ya Miami, ilipewa na Jeshi la Marekani mkataba wa karibu dola milioni 300 wa kuvipatia vikosi vya Afghanistan risasi. Kati ya zilizofika zilikuwemo za Kichina zenye umri wa zaidi ya miaka 40, zilizochukuliwa kwenye maghala ya Albania na kufungwa upya kwenye maboksi ili asili yake isijulikane. Kasha la awali hubeba namba ya toleo na mwaka. Likitupwa, siku risasi moja ikigoma huwezi kujua nyingine za kundi lake ziko bohari gani uzizuie.

Kwa hiyo wanaopendekeza wazabuni waongeze haya: malipo yatoke kwa hati ya mapokezi ya kule mbele, anayepokea asiwe aliyesaini mkataba, awe na mamlaka ya kurudisha lori zima, na namba ya sili iandikwe kabla sili haijakatwa.

Msomaji wako,
Tabora