Barua kutoka Tilos

Livadia, Tilos
Septemba

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila jua la mchana huku halina huruma. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikacheka peke yangu: eti mtoto wa Mafia, alipe nauli yote ile aende kutazama kisiwa! Haya, kaa kitako nikueleze.

Tilos ni kisiwa cha Ugiriki, kipo kati ya visiwa vya Kos na Rhodes, na Uturuki iko karibu zaidi kuliko Athens. Uwanja wa ndege hakuna. Nilishuka Rhodes nikapanda boti, mwendo wa kama saa mbili, na bandari yenyewe, Livadia, ni gati moja, vijiduka vya kuhesabu na ufukwe wa kokoto. Mchanga mweupe wa kwenu usiutafute huku. Kisiwa kizima watu hawafiki elfu moja. Alasiri madirisha yanafungwa, kila mtu analala, mwenye duka naye analala, na mgeni ukipaza sauti unatazamwa jicho la pembeni. Kukipoa ndipo wanatoka. Watoto wanakimbizana uwanjani usiku mkubwa na hakuna anayewaita, mabibi wamekaa nje wanasema watu, kama barazani kwetu tu. Pweza wanaanikwa kwenye kamba, halafu wanachomwa na kutiwa limau na mafuta ya zeituni. Nimewala mpaka basi. Nazi niliikumbuka, sikufichi.

Lakini kilichonileta hasa ni tembo. Usinicheke tena! Kuna pango linaitwa Charkadio, na mwaka 1971 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Athens, Nikolaos Symeonidis, alianza kufukua humo mifupa ya tembo wafupi. Mkubwa wao akisimama ni kimo cha mtu mzima, basi. Wataalamu wanaeleza kuwa wahenga wao walikuwa tembo wakubwa wa bara, huenda walivuka kwa kuogelea, wakakuta chakula kidogo na hakuna simba wa kuwakimbiza, vizazi vikapita na miili ikapungua. Nikawakumbuka viboko wenu wa Mafia, wanaosemekana walitoka delta ya Rufiji wakavuka maji mpaka kisiwani. Nilimsimulia mzee mmoja wa hapa, akashika kichwa. Alitaka kujua kama nao wameanza kuwa wafupi. Nimemwambia nitakuuliza.

Jambo jingine nililotaka ulione kwa macho yako ni Mikro Chorio. Ni kijiji kilichojengwa juu mlimani, kisionekane kutoka baharini, kwa kuogopa maharamia. Maharamia walipokwisha, watu wakaona hakuna sababu ya kupanda mlima kila siku, wakaanza kushuka Livadia. Wengine walikwenda mbali zaidi, Marekani na Australia. Kufikia miaka ya 1960 hapakuwa na aliyebaki. Wanasema walibeba hata mbao za mapaa, ndiyo maana leo ni kuta tupu, mbuzi wanaingia na kutoka. Wewe umekulia karibu na magofu ya mji wa Kua, unaijua hali hiyo. Ila Kua ilivamiwa, watu wakauawa na kuchukuliwa. Huku hakuna aliyemfukuza mtu. Kazi tu hazikuwepo. Wageni wenzangu walikuwa wanapiga picha na kusema utulivu ulioje. Mimi nikawaza: utulivu huu wa juu ni wa watu waliokosa riziki, usichanganywe na ule wa chini.

Wa chini wameutafuta wenyewe. Mwaka 1993 walipiga marufuku uwindaji kisiwa kizima, miaka miwili tu kabla ya kwenu kutangazwa Hifadhi ya Bahari, na nadhani manung'uniko yalikuwa yale yale. Leo watu wanasafiri kuja kutazama ndege. Mwezi huu kozi wa Eleonora ndio wanalea makinda majabalini, na wakimaliza wanakwenda zao Madagaska, kwa hiyo huenda wakapita huko kwenu kabla barua hii haijafika. Na umeme: zamani walitegemea waya wa chini ya bahari kutoka Kos, ukikatika wanakaa gizani. Hadithi za giza sina haja ya kukusimulia wewe. Sasa wana mtambo wa upepo, paneli za jua na betri kubwa za kuhifadhi. Hoteli zipo, ndogo ndogo, na aliyekupokea mlangoni ndiye asubuhi anayekukaangia mayai.

Sisemi huku ni peponi. Majira ya baridi, aliniambia dada wa duka la mikate, bahari ikichafuka meli haiji na mboga zinakwisha. Vijana wanaondoka. Naye mwenyewe ana binti Athens, na hana uhakika kama atarudi.

Ndiyo maana lile suala la kiwanja chenu cha pwani limenikaa kichwani wiki yote. Kaka yako ana haki ya kutaka pesa, watoto wanasoma, simlaumu. Lakini akiuza kipande chote kwa huyo mtu wa hoteli, nyinyi mtabaki kupita nyuma ya ukuta kwenda baharini. Mwambie aulize habari ya kukodisha kwa miaka, au ajenge vyumba vitatu vinne vyake mwenyewe. Mimi nina akiba kidogo ya kuanzia, na ninaisema hii nikiwa na akili timamu. Asitie sahihi kabla sijaja Desemba. Asali ya hapa nimekununulia, nitaibeba mwenyewe. Nisalimie mama, na shemeji.

Shoga yako,
Zuhura