Kapsuli hazifiki kwenye mzizi wa jino lililokufa

Mhariri,

Kwenye maduka ya dawa, kuanzia Igoma hadi Kirumba, ombi ni lilelile: "Nipe za jino." Muuzaji anakata kapsuli sita za rangi mbili, yaani amoksilini, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria), na panadol nne, basi. Siku ya pili maumivu yametulia, kapsuli zilizobaki zinawekwa akiba. Jino halijapona.

Jino likitoboka hadi ndani, nyama yake yenye neva na mishipa ya damu hufa. Dawa uliyomeza husafiri kwa damu, na humo damu haiingii tena. Bakteria wa mle, wengi wao wasiopenda hewa kama Prevotella na Fusobacterium, hujibandika kwenye kuta za mzizi kwa utando wa ute, mfano wa ule utelezi wa mawe ya ziwani: maji yanaupitia juu tu, haubanduki mpaka usugue. Dawa huwapunguza waliotokeza nje ya ncha ya mzizi, uvimbe ukanywea. Baadhi ya Prevotella hutoa kimeng'enya kinachovunja amoksilini. Dozi za kudonoadonoa huwaachia uwanja hao.

Kinachotibu ni kutoa usaha, kung'oa, au kusafisha mzizi. Mzizi hukwanguliwa kwa vijiti vyembamba vya chuma huku ukioshwa kwa haipokloraiti ya sodiamu iliyopimwa (ndiyo kemikali ya jiki, lakini ya jikoni msiiguse), kisha huwekwa kalsiamu haidroksaidi, dawa ya kuua bakteria waliobaki, chini ya kizibo cha muda kwa wiki moja au mbili kabla ya kuzibwa kwa kudumu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: maumivu yakiisha hawarudi. Kizibo cha muda kinavuja, mate yanaingia, na bakteria aitwaye Enterococcus faecalis anapata makazi. Huyo metronidazo, antibayotiki nyingine, haimgusi kabisa.

Antibayotiki ina siku yake: homa, au uvimbe unaosambaa shavuni. Mtu mzima asiye na mzio wa penisilini kwa kawaida huandikiwa amoksilini miligramu 500 kila baada ya saa 8, naye aonwe tena ndani ya siku 2 au 3. Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuka, kumeza kukawa shida au mdomo ukakataa kufunguka, hiyo si ya duka la dawa. Ni hospitali usiku huohuo, maana njia ya hewa inaweza kuziba.

Wauzaji, kabla ya kukata kapsuli kwa kadiri ya hela ya mteja, muulizeni: uvimbe upo? Homa je? Kama vyote havipo, muuzieni ya maumivu na mwelekezeni kliniki ya meno.

Wahudumu wa afya ya kinywa na meno,
Mwanza