Miaka 18 sio mwisho wa malezi, tusiwaache hawa vijana

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nilisemee jambo linaloniumiza sana kama mzazi, na naamini tupo wengi. Ni hawa watoto wetu wanaomaliza fomu foo. Mtoto anafanya paper ya mwisho mwezi wa kumi na moja, anarudi nyumbani na begi lake na godoro, matokeo yanatoka Januari, na hata yule aliyefaulu kwenda kidato cha tano anasubiri mpaka Julai. Sasa hiyo miezi yote hapo katikati nani yuko naye? Shule imeshamalizana naye, baba anasema kashakuwa mkubwa huyo ajitafutie, serikali ya mtaa haimjui mpaka siku ya kuandikisha wapiga kura. Na wanaokaa kwenye ule mtihani kila mwaka ni zaidi ya laki tano, jamani, laki tano!

Tatizo ninaloliona ni imani tuliyojijengea kwamba mtu akigonga 18 basi, malezi yameisha. Kisheria sawa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na Katiba inampa haki ya kupiga kura akifika hapo, sipingi, maana sheria lazima iweke mpaka mahali. Ila Katiba hiyo hiyo inataka mtu awe na 21 ndio agombee ubunge na 40 ndio agombee urais, yaani hata walioiandika walijua binadamu anaendelea kukomaa baada ya hapo. Sisi wazazi ndio tunajifanya hatujui.

Na wanaochunguza ubongo wanasema hivyo hivyo. Ile sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayomfanya mtu ajizuie na afikirie kesho itakuwaje, ndiyo ya mwisho kukomaa, inaendelea mpaka miaka ya ishirini na kitu, 24, 25 hivi. Wakati ile inayotaka raha na sifa na msisimko inachangamka mapema, tangu anabalehe. Kwa hiyo kuna miaka kama kumi hivi ambayo hamu iko juu na breki bado hazijakaza. Hii haimaanishi kijana hana akili, hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu kuna wazazi wakisikia hivi wanaanza kuwafungia watoto ndani. Kijana wa miaka 16 ukikaa naye kwa utulivu mkazungumza jambo, anapima vizuri tu, wakati mwingine anakushinda wewe mzazi. Anapokwama ni pale moyo umeshapanda, au wenzake wanamwangalia.

Kuna jaribio lilifanywa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg wakalichapisha 2005. Walichukua makundi matatu, wa miaka 13 mpaka 16, wa 18 mpaka 22, na wa 24 kwenda juu, wakawachezesha gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta. Kila mmoja akicheza peke yake, tofauti ilikuwa ndogo. Wakiwekewa wenzao pembeni, wale wadogo wakaanza kukimbiza na kuhatarisha gari, wa 18 mpaka 22 nao pia japo sio sana kama wadogo, ila watu wazima wakabaki vile vile. Nilivyosoma hiyo habari nikawaza vijiwe vyetu vya bodaboda moja kwa moja.

Hapa mtaani kwetu kuna kijana alipewa pikipiki ya mkataba mara tu baada ya kumaliza shule. Kila jioni hesabu ya bosi lazima ipatikane, mvua inyeshe jua liwake, na kutwa nzima yuko na wenzake rika lake wanashindana nani anawahi. Hakuna hata mtu mzima mmoja anayemuuliza leo umelala saa ngapi, umekula nini, hela iliyobaki umeiweka wapi. Sasa hivi anatembea na vyuma mguuni. Mimi simlaumu yeye. Tulimkabidhi pikipiki, abiria na deni siku moja, halafu tukaondoka.

Kwa mabinti ndio usiseme. Takwimu za afya za nchi yetu zilionyesha mwaka 2015/16 kwamba kati ya mabinti 100 wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wameshazaa au wana mimba, na 2022 wakawa 22. Imepungua, tushukuru, lakini bado ni wengi mno, na ile miezi ya kukaa nyumbani bila mpango mimi naiogopa kuliko kitu chochote. Akishapata mtoto tunamwita mama fulani, tunamhesabu mtu mzima, na hakuna anayekumbuka kwamba na yeye mwenyewe bado anakua.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kungwi. Mwali hakuachiwa ajifunze ukubwa peke yake wala kwa wenzake, alikuwa na mtu wake, mtu mzima, sio mama yake mzazi, wa kumwambia yale ambayo mama anaona aibu kuyasema, na huyo mtu hakumkimbia ngoma ikiisha, mpaka kwenye ndoa yupo. Sisemi turudishe yote, yapo mambo ya unyago na jando yaliyowaharibia watoto shule na kuwaingiza kwenye ndoa wakiwa wadogo, hayo yabaki huko huko. Ninachokililia ni yule mtu. Leo kijana wa miaka 19 anamuuliza nani kuhusu mapenzi, kuhusu mkopo wa kwenye simu, kuhusu kubeti? Anaiuliza simu, na wenzake wa kijiweni.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu, mtoto akimaliza shule mtafutieni mtu. Mjomba, shangazi, fundi gereji mwenye adabu zake, mama mwenye cherehani, yeyote mnayemwamini, mkae naye mkubaliane kabisa kwamba huyu kijana ni wa kwako pia. Halafu mpeni majukumu ya kweli ila kidogo kidogo na muwe karibu, mfano ashike hela ya matumizi ya nyumbani wiki moja na atoe hesabu, akikosea mnakaa chini mnaangalia wapi, bila matusi.

Na serikali nayo, tunajua wanaomaliza kidato cha sita wanaitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, utaratibu huo ulisimama 1994 ukarudishwa 2013, mzuri tu. Lakini kundi kubwa linatokea fomu foo na hilo halina pa kwenda. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana kozi fupi, je haziwezi kupangwa zianzie Desemba kwa ajili ya hawa, na kwa ada ambayo mzazi wa kawaida ataimudu? Madarasa ya shule za kata jioni yako wazi. Misikiti na makanisa yana watu wazima wa kutosha. Kinachokosekana ni mtu wa kwenye kata mwenye orodha ya waliomaliza mwaka huu, anayejua nani yuko wapi na anafanya nini.

Mhariri, na wewe nina ombi lako. Kila matokeo yakitoka mnaweka picha za waliofaulu sana, hongera zao. Naomba mwaka huu ikifika Machi au Aprili mtume waandishi wakawatafute hawa wengine, walio nyumbani wanasubiri na walio kijiweni, wawaulize wenyewe nani anawashauri, kisha mtuchapishie majibu yao tusome.

Mzazi,
Kihonda, Morogoro