Barua kwa Baba: mwaka wetu katika klabu ya magongo

Kaunti ya Tipperary, Ayalandi
14 Desemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu mlipoacha dawa ile ya kwanza. Sisi huku hatujambo, ila giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni na wajukuu zako wananuna kwa sababu uwanja umefungwa hadi maji yakauke.

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini watoto wanakimbia na fimbo katika matope kila Jumamosi, na ni nani anayelipwa kwa shughuli hiyo, nilikujibu haraka kwa kuwa nilikuwa naingia zamu. Najua jibu lile halikukuridhisha. Mtu aliyeshika daftari la hazina la chama cha ushirika kwa miaka mingi haridhiki kwa maneno matupu, hivyo nimesubiri mkutano mkuu wa klabu upite, na sasa ninakuandikia nikiwa na taarifa ya mapato na matumizi mezani.

Klabuni kwetu halipwi mtu. Si kocha, si katibu, si mama anayefua jezi, wala si vijana wa timu kubwa ambao watu huja kuwatazama. Klabu yetu ni tawi la GAA, chama cha michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ayalandi, kilichoanzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja ya mji wa Thurles, ambako mimi huenda sokoni kila wiki. Hata wachezaji wanaoiwakilisha kaunti mbele ya watu zaidi ya elfu themanini hawalipwi mshahara ila hurudishiwa nauli, na siku zinazofuata unawakuta darasani wakifundisha au shambani wakikamua ng'ombe. Sitakuficha kwamba minong'ono ipo, kuwa baadhi ya makocha wa kualikwa sehemu nyingine hupewa bahasha. Lakini kwetu nimekagua hesabu mwenyewe na bahasha sijaiona.

Mchezo wenyewe unaitwa halingi, na wanawake wakiucheza unaitwa kamogi. Usidhani ni mpira wa magongo ule wa shuleni, maana hapa mpira hupigwa ukiwa hewani, hudakwa kwa mkono, na hukimbizwa ukiwa umekaa juu ya ncha bapa ya gongo kama yai juu ya kijiko. Goli lina nguzo mbili ndefu: mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya ni pointi moja, na ukiingia wavuni ni goli lenye thamani ya pointi tatu. Kila mchezaji huvaa kofia ngumu yenye chuma usoni kwa sharti la kanuni, nalo limemtuliza mama wa watoto kuliko maelezo yangu yote. Klabu hucheza pia kandanda ya Kigaeli, inayochezwa kwa mikono na miguu bila gongo, ambayo mwaka huu ilibadilishiwa kanuni nyingi. Mpira unaopigwa juu ya mtambaa wa panya kutoka nje ya tao la mita 40 sasa ni pointi mbili, na mzee wetu anayesimamia ubao wa matokeo amegombana na uwanja mzima tangu Februari.

Mwaka ulianza vibaya. Tarehe 24 Januari ilipiga tufani waliyoiita Éowyn, ikakata umeme katika mamia ya maelfu ya nyumba nchini na kuangusha wavu mrefu ulio nyuma ya goli letu, ule unaozuia mipira isiingie kwa jirani mwenye kondoo. Jumamosi mbili mfululizo watu walikuja na misumeno, majembe na trela zao, mmoja akileta saruji, mwingine mkate na chai. Nilisimama pale nikaukumbuka msaragambo wa barabara ya kijijini kwetu, tofauti ikiwa tu kwamba hapa hakuna mtendaji wa kijiji anayeandika majina ya wasiofika.

Mwezi wa Machi ulituingilia Ramadhani. Mjukuu wako mkubwa, somo yake Mama, yuko timu ya kamogi ya wasichana wa chini ya miaka 14, na mazoezi yalikuwa yakianguka saa ile ile ya kufuturu. Nilimweleza kocha, nikitegemea aseme apumzike mwezi mzima. Aliniuliza jua linazama saa ngapi, akaweka mapumziko wakati huo, na kuanzia wiki ya pili wasichana wenzake walikuwa wanamsubiri wakiwa wameshika tende. Mtandio anauvaa chini ya kofia na hakuna aliyewahi kumwuliza. Ikikupa faraja, ujue kwamba mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waislamu wa nchi hii waliswali Idi ya Kuchinja katika nyasi za Croke Park, uwanja mkuu wa chama hiki kule Dublin.

Wasichana hao walikuwa na kesi yao nyingine. Kanuni za kamogi ziliwalazimisha wachezaji kuvaa sketi yenye kaptura ndani, nao walilalamika miaka mingi kwamba inawasumbua, hadi timu za kaunti zikaingia uwanjani na kaptura na kuamriwa zibadilishe. Tarehe 22 Mei wajumbe walikutana Croke Park wakapiga kura, na asilimia 98 wakakubali kila mmoja achague. Kamogi ina chama chake tangu 1904 na kandanda ya wanawake ina chake tangu 1974, ndiyo maana klabu moja kama yetu ina rejista tatu na ugomvi usiokwisha wa nani atumie uwanja Jumatano. Vyama hivyo viwili na GAA vimepanga kuunganika ifikapo 2027. Wewe uliyeshuhudia vyama vya msingi vikiunganishwa unajua kazi hiyo ilivyo.

Mdogo wake ana miaka minane. Katika umri wake hakuna kombe na kila mtoto lazima acheze, jambo lililonishangaza mwanzoni, kwa sababu huyu wetu mpira ukimjia huinama kuangalia kiatu. Kiangazi alikwenda kambi ya wiki moja wanayoiita Cúl Camp, akarudi na jezi mpya na jino moja pungufu, ambalo lilikuwa linang'oka lenyewe.

Sasa nikueleze siku ambayo sitaisahau. Tarehe 20 Julai kaunti yetu ya Tipperary ilicheza fainali ya halingi ya Ayalandi nzima dhidi ya kaunti ya Cork, na sisi tusiopata tiketi tulijaa katika ukumbi wa klabu. Wakati wa mapumziko Cork ilikuwa mbele kwa pointi sita, na wazee walikuwa wameanza kuvaa makoti. Kipindi cha pili Cork ilipata pointi mbili tu. Kipa wetu Rhys Shelly aliokoa penalti na hata kufunga pointi yeye mwenyewe, na mwisho ukasomeka 3-27 kwa 1-18 (magoli kwanza, kisha pointi), yaani 36 kwa 21. Jirani yangu mwenye kondoo, mtu ambaye kwa miaka minne alinisalimu kwa kidole kimoja juu ya usukani, alinikumbatia akilia. Kesho yake tulikwenda Thurles kulipokea kombe.

Timu yetu wenyewe ilitolewa nusu fainali kwa pointi moja, na mvua ndiyo inayolaumiwa.

Kuhusu fedha, sehemu kubwa hutokana na ada za wanachama na bahati nasibu ya kila wiki. Hapo nilikwama. Nilimwambia katibu wazi kwamba dini yangu hainiruhusu kuuza tiketi hizo, naye bila kubishana akanikabidhi mashine ya kuchora mistari ya chokaa. Tangu hapo kila Ijumaa jioni mimi ndiye mchora mistari, na katika mkutano mkuu walinichagua kusaidia ukaguzi wa hesabu, baada ya kosa langu la kusema hadharani kwamba baba yangu alikuwa mweka hazina.

Nina ombi. Magongo haya huchongwa kwa mti wa ash, sehemu ya chini kabisa ya shina inapoanza kupinda kuelekea mizizini, ili nyuzi za mbao zifuate mkunjo wa gongo. Tangu 2012 ugonjwa wa ukungu unaiua miti hiyo nchini, na sasa wanaagiza mbao nje au kujaribu mianzi. Rafiki yangu anayekuja Tanga mwezi Januari atakuletea gongo la mjukuu wako lililopasuka. Tafadhali mpelekee fundi seremala wa pale sokoni, yule anayechonga mipini ya majembe, umwulize ni mti gani wa kwetu unaopinda hivi bila kukatika, kisha uniandikie alivyosema.

Mama umpe shikamoo yangu.

Mwanao mtiifu