Barua kwa Mama Koku kuhusu safari ya Kaboya

Reading, Uingereza
2 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa, Mama Koku,

Barua yako aliyoileta kijana wa Katibu ilinifikia Ijumaa, nami nimeisoma mara nne, kwa sababu tangu mama atutoke hujawahi kuniandikia kwa hasira ya namna hii. Umeniuliza jambo moja tu, nalo ni la haki: ilikuwaje nikafika Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera, nikasimama kwenye kaburi la Mluguru, mwenzetu wa kozi ya uafisa Monduli, pamoja na wenzangu wengine, na siku hiyohiyo nikapita njia panda ya Muhutwe bila kukata kona kupanda Kamachumu, kana kwamba sina kwetu huko juu. Picha aliyokuonyesha Koku ni yangu kweli, na shati lile ni lile ulilonishonea wewe. Sitakana chochote. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujampa mtu mwingine barua hii.

Nianze na la bati, maana ndilo jepesi. Ni kweli fedha zake zilichelewa kwa sababu mwezi Mei nilichangia upasuaji wa macho ya Mpemba, mwenzangu wa kozi, ambaye alikuwa hawezi tena kutofautisha karafuu mbivu na mbichi katika shamba lake mwenyewe. Nilikosea kutokukuambia, kwa kuwa ahadi ya bati ilitangulia. Jumamosi nimemtumia Koku pauni 350 kwenye simu yake. Mwambie fundi aanze upande wa jikoni, pale panapovuja juu ya mafiga. Hata hivyo, sikubaliani na maneno yako kwamba nawatunza wanajeshi wastaafu kuliko damu yangu. Mpemba alilala kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mimi cha sita, na kwa kipindi chote cha uafisa mwanafunzi hakuna asubuhi niliyotoka kwenda gwarideni kabla yeye hajanikagua mikanda na vifungo. Watu wa namna hiyo nitawaitaje kama si ndugu?

Nataka ujue pia kwamba ni mimi niliyewakusanya, na hilo ninajivunia kuliko mambo mengi niliyoyafanya tangu nihamie nchi hii. Jenerali Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita vile, alipofariki mwezi Oktoba mwaka jana akiwa na umri wa miaka 104, nilipigiwa simu usiku na mtu ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia tangu enzi za Mwalimu, akaniambia: "Mzee wa Divisheni ya 20 ametutangulia, sisi tunangoja nini kutafutana?" Kulipopambazuka nilichukua daftari nikachora hanga letu la Monduli, kitanda baada ya kitanda, kuanzia mlangoni hadi ukutani, nikaandika majina yote 36 bila kuuliza mtu. Kisha nikaanza kupiga simu Songea, Magu, Wete, Tarime, Singida. Ilinichukua miezi tisa. Niliwapata 19 walio hai, na kwa kila aliyefariki nilipata mtoto au mjane wa kumpa pole, hata kama pole hiyo ilichelewa kwa miaka ishirini. Brigedia wetu, ambaye katika utumishi wake amewahi kuongoza maelfu ya watu, alisema mbele ya wote kwamba kazi ile asingeiweza yeye. Mimi niliyestaafu nikiwa meja nilisikia maneno hayo, nikatoka nje kidogo ili wasinione uso.

Tulikutana Arusha katikati ya Julai, watu 11. Wengine miguu haikuwaruhusu, na mmoja alilazwa wiki ileile. Nilidhani tutatambuana kwa sura, kumbe tulitambuana kwa sauti na kwa namna ya kutembea. Msukuma bado anatupa mguu wa kushoto vilevile kama siku ile sajini alipomzungusha uwanjani hadi jua likazama. Hakuna aliyemwita mwenzake afande. Brigedia tulimwita Kijiko, jina alilopewa kwa sababu ndiye pekee aliyemaliza kula kabla ya filimbi, naye aliitika kwa furaha ambayo sidhani kama aliitikia nayo cheo chake chochote. Mtu mmoja alipoanza kusema maneno ya Mwalimu juu ya Amin, "Uwezo wa kumpiga tunao," wazee wote waliokuwa mezani walimalizia kwa pamoja sababu na nia, kwa sauti kubwa hata mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Yule binti hakuwa amezaliwa Novemba 1978, na pengine hata mama yake alikuwa bado mtoto.

Kesho yake tuliomba ruhusa, tukapelekwa Monduli. Baridi ni ileile, na ukungu unashuka kutoka Monduli Juu asubuhi kama ulivyokuwa ukishuka tulipokuwa tunaupanda mlima ule kwa mbio tukiwa na mizigo mgongoni, huku Meru ukionekana kwa mbali kama jambo lisilotuhusu. Majengo mengi sikuyafahamu. Vijana wa siku hizi wanatoka pale na shahada ya sayansi ya kijeshi, na ninakiri kwamba niliwaonea wivu, kwa sababu sisi tulitoka na nyota moja ya luteni usu begani na kabla mwaka haujaisha tukawa vitani. Lakini walipotusimamia kwa heshima na kutupigia saluti, sisi wazee wenye fimbo na kofia za kujikinga na jua, tulinyooka wote kwa mara moja bila amri ya mtu. Goti langu liliniuma siku tatu kwa ajili ya kunyooka kule, na sijutii.

Nilipowaambia kwamba ninaishi mwendo mfupi tu kutoka Sandhurst, chuo alichosomea Jenerali Sarakikya kabla hajawa mkuu wa kwanza wa jeshi letu, walinisihi nipige picha ya lango na niwapelekee. Nimeshawapelekea. Tena mwezi Novemba uliopita, siku Waingereza wanapowakumbuka askari wao, nilivaa medali yangu ya vita nikasimama pamoja na wazee wa mji huu, na mmoja aliyepigana Falklands aliniuliza medali ile ni ya wapi. Nilimweleza jinsi tulivyolikuta daraja la Kyaka likiwa limevunjwa na jinsi sisi wahandisi tulivyohangaika na mto ule ili jeshi livuke. Alinisikiliza kwa saa nzima. Ningetamani baba angekuwepo kuona mwanawe anasikilizwa hivyo katika nchi ya watu. Maisha mengine ya hapa yanakwenda, kazi za usiku ninazo za kutosha, na baridi bado haijaanza.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe.

Usiku wa mwisho pale Arusha, wengine walipokwenda kulala, tulibaki mimi, Kijiko na Msukuma. Unakumbuka kwamba mimi sikuwepo Lukaya, kule Uganda alikouawa Mluguru. Nilikuwa nyuma na wahandisi, na habari za Mluguru nilizipata kwenye redio ya upepo, jina na namba tu. Msukuma alikuwa naye kombania moja, na kwa miaka 46 hakuwahi kulizungumza, hata kwa mke wake. Usiku huo alilizungumza bila mtu kumwuliza. Alisema jioni ya tarehe 10 Machi 1979 walikuwa kwenye barabara ile inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala, mafunjo pande zote mbili, askari wengi wakiwa mgambo waliofundishwa kwa haraka, na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yakaanza kuanguka, yakitangulia vifaru vyao. Watu walitawanyika gizani. Mluguru alibaki barabarani akiita majina ya watu wa platuni yake mmoja mmoja, akiwapanga upya kwenye mtaro, na Msukuma alikuwa miongoni mwa walioitwa. Aliitwa, akarudi, na ndiyo maana yu hai. Mluguru alipigwa baadaye, kabla hakujapambazuka, wala hakuchelewa kukata roho. Kulipokucha, brigedi nyingine iliwazunguka Walibya kutoka ubavuni na njia ikafunguka, lakini yeye hakuiona asubuhi hiyo.

Kuna jambo jingine alilolisema Msukuma ambalo ni lako wewe, nami sina haki ya kukaa nalo. Alisema kwamba mapema jioni ile, kabla ya makombora, Mluguru alitoa mfukoni kifurushi cha ganda la mgomba, akampa punje mbili za kahawa ya kutafuna, akamwambia atafune polepole kwa kuwa zilikuwa zinakaribia kwisha na waliozifunga wako mbali. Msukuma aliitema kwa uchungu wake, na Mluguru akamkemea. Mimi najua ni kifurushi kipi. Ulimpa mwezi Desemba, siku aliyopewa ruhusa ya saa chache akaja nyumbani, wakati ua wetu ulipokuwa umejaa wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto na mama akipika kwenye sufuria ya harusi. Nilikuona ukimpa, nikajifanya sioni. Kumbe alikuwa akila punje mojamoja kutoka Desemba hadi Machi.

Mama Koku, mwaka ule nilipokuja likizo, mama aliniuliza kama nilimzika Mluguru mimi mwenyewe, nami nikajibu ndiyo. Nilisema nilikuwepo Kaboya, nikasema nilishika koleo, nikasema hata padri alisoma somo gani. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kapu la maharage, ukasikia kila neno. Hapakuwa na ukweli wowote katika maneno yale. Siku alipozikwa nilikuwa ng'ambo ya Kagera na kikosi changu, na baada ya vita nikaogopa kwenda, mwaka ukafuatwa na mwaka, mama akafa akiamini kwamba mgeni wake alizikwa na mikono ya mwanawe. Mara yangu ya kwanza kukanyaga Kaboya ilikuwa tarehe 28 Julai mwaka huu, siku tatu baada ya Siku ya Mashujaa, na nililitafuta kaburi lake katika mistari ile mirefu kama mtu mwingine yeyote asiyejua liliko. Kijiko ndiye aliyelipata. Tulisimama, Msukuma akaita jina lake na namba yake kama kwenye gwaride, kisha tukakaa kimya hadi askari wa zamu alipokuja kutuuliza kama tunahitaji maji.

Ndiyo sababu sikupanda Kamachumu. Msukuma alikuwa ndani ya gari. Ningemleta nyumbani, ungemkaribisha kama unavyokaribisha watu, ungemwuliza habari za Mluguru, naye ni mtu wa kusema kweli, na uongo wangu ungeanguka mbele yako na mbele ya wageni katika nyumba ya mama. Niliwaambia wenzangu kwamba hakuna mtu nyumbani. Hilo nalo ni uongo, na niliusema huku moshi wa jiko la mtu ukionekana kule juu. Tuliendelea hadi Mwanza, na tulipovuka kwenye daraja jipya la Busisi, pale tulipozoea kungoja kivuko nusu siku, wenzangu walikuwa wanashangilia, mimi nikijifanya nimelala.

Umeandika kwamba Mluguru alikuwa mgeni wenu pia na si mali ya kozi ya Monduli peke yake. Nimelifikiri sana neno hilo. Nilikasirika nilipolisoma, kwa kuwa wewe hukumjua akiwa na malengelenge miguuni, hukuwa naye usiku alipotuongoza kwa dira kutoka nyika za Makuyuni wakati sisi wengine tulikuwa tumepotea na tunaona haya kusema. Lakini kozi nzima haikujua kwamba alikuwa anahesabu punje za kahawa. Ulijua wewe peke yako. Hata mimi, niliyelala kitanda cha pili yake, sikujua.

Kijiko na Msukuma wanataka kurudi Kaboya mwakani tarehe 25 Julai, na safari hii Mpemba anasema atakuja kwa macho yake mapya. Nimewaambia kwamba hatutalala hotelini. Nakuomba, kama utakubali kunipokea, wafike kwanza nyumbani kwetu, na wewe ndiye utakayetupeleka kaburini. Msukuma ana kisukari, hivyo chai yake isitiwe sukari, na usichinje ng'ombe. Ndizi na samaki zitatosha, na senene wa akiba kama watakuwepo. Mpemba hanywi rubisi. Wape chumba cha mama, kwa kuwa hakina ngazi. Kuhusu kumweleza Shangazi jambo la koleo, niachie nimweleze mwenyewe nitakapofika, na umfikishie shikamoo yangu.

Tafadhali fungasha kahawa kidogo, kwa ganda la mgomba, kama ile.

Kaka yako,
Baba Kemi