Kwako mdogo wangu wa Kadutu: hii mimba usiipimie kwa ile

Mdogo wangu,

Jana sokoni ulijifunga vikwembe viwili juu ya tumbo, nikajua kuna mtu amekuuliza tena kama ni mapacha. Echografi, ile mashine ya kupiga picha ya tumbo, ndiyo itasema, lakini mimi siamini. Misuli ya tumbo lako ilishanyooshwa na mtoto wako mkubwa, haibani tena kama zamani, ndiyo maana tumbo limetokeza mapema. Mimba yangu ya pili ilijulikana kanisani kabla sijamwambia mama mkwe, na hilo hajanisamehe hadi leo.

Hata huko kucheza kwa mtoto unakokusikia katika wiki ya 16 si ndoto. Kwa mtoto wa kwanza wengi wanakusikia kwenye wiki ya 18 au 20, kwa kuwa mwanzoni wanadhani ni gesi ya maharagwe. Wewe sasa unaijua ile hali.

Uchovu nao una sababu. Mara ya kwanza ulikuwa unalala mchana. Sasa kuna mtu wa miaka miwili anayetaka mgongo wako kwenye kila ngazi ya mtaa wenu. Ashuke atembee, au baba yake ambebe. Na usikubali kuambiwa kwamba maziwa yako yameharibika kwa sababu una mimba. Kama mimba inaenda vizuri, anaweza kunyonya. Wewe ndiye wa kula zaidi: samaki wadogo wa sambaza, mboga ya lengalenga, maharagwe, na vidonge vya kuongeza damu usivitupe eti vinakuletea kichefuchefu.

Vipimo: kwa mkubwa ulienda mara nne, ukaona umemaliza. Tangu 2016 OMS, Shirika la Afya Duniani, inaomba mara 8. Ukienda safari hii, beba fishi ya zamani, ile kadi ya kliniki, uulize rezusi yako, yaani kama damu yako ni chanya au hasi. Kama wewe ni hasi na baba wa mtoto ni chanya, damu ya mtoto wa kwanza inaweza kuwa iliingia kwako siku ya kuzaa, mwili ukajifunza kupigana nayo. Wa kwanza mara nyingi hadhuriki, anayelipa ni wa pili. Kuna sindano ya kuzuia hilo, inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kuzaa. Uliipata? Hukumbuki, najua. Ndiyo maana nasema beba fishi.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni lingine.

Kwa kifungua mimba wangu uchungu ulianza Jumamosi jioni, nikazaa Jumapili mchana. Kwa hiyo wa pili aliponianza saa nne usiku, nilijiambia muda upo. Nikakunja nguo. Nikapika uji, nikaunywa wote. Mvua ya Bukavu unaijua: nilipoamua kutoka, njia ilikuwa tope tupu na hakuna motari wa pikipiki aliyetaka kupanda hadi kwetu. Shemeji yako alinishika mkono tukashuka kwa miguu, nasimama kila baada ya nyumba mbili, naegemea ukuta wa watu, maji ya mvua yananipita kwenye vidole. Tulifika maternite saa saba kasoro. Saa saba na dakika kumi mtoto analia, na mkunga alikuwa amevaa glavu moja.

Njia ikishafunguka mara moja, wa pili mara nyingi anakuja haraka kuliko wa kwanza. Tena usidanganywe na kichwa: kwa wa kwanza kilishuka wiki kadhaa kabla, kwa huyu kinaweza kukaa juu hadi uchungu wenyewe. Ukiona tumbo linakaza kwa mpangilio, toka. Ukiona damu, au kichwa kinauma sana na macho yanafifia, hapo usingoje hata uchungu.

Na ukishazaa, ukimnyonyesha utasikia tumbo linakukata kuliko mara ya kwanza. Hilo hukuambiwa na mtu, eh? Ni kizazi kinarudi mahali pake, maumivu yanapita baada ya siku chache.

Beseni na vikwembe viwe mlangoni tangu mwezi wa nane wa mimba. Mkubwa atalala kwangu, hata ukija kunigongea usiku wa manane. Mletee kile kikombe chake cha kijani, bila hicho uji hanywi.

Yaya wako, dada yako mkubwa